Picha za Kale za Mji wa Unguja: Zilipigwa Lini na Zinatuonyesha Nini

Tangu sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la Sultani lililo ukingoni mwa bahari, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, picha za zamani za jengo hilo, na za mji wa Unguja kwa jumla, zimekuwa zikipita kutoka simu hadi simu bila kukoma. Wapo wanaozitazama kwa majonzi, wapo wanaozitazama kwa fahari, na wapo wanaotaka tu kujua babu zao walipita njia zipi. Tatizo ni kwamba picha husafiri upesi kuliko maelezo yake, na maelezo yakishapotea njiani, kila anayeipokea huitungia yake. Si ajabu kuikuta picha ile ile ya Forodhani ikitajwa leo kuwa ni ya mwaka 1870 na kesho kuwa ni ya 1910, au kuona watu waliofungwa minyororo shingoni wakiandikiwa "soko la watumwa Zanzibar, 1890", ilhali ilipofika mwaka huo soko hilo lilikwisha kufungwa kwa miaka 17.

Makala haya yanaeleza namna picha hizo zilivyotengenezwa, namna ya kukadiria umri wake kwa kutazama kilichomo ndani yake, na kwa nini mambo kadhaa yanayosemwa juu yake hayasimami. Mtu hahitaji ujuzi wa maktaba ili kufanya hivyo. Anahitaji subira, na tarehe chache za mji alizonazo kichwani.

Tuanze na kiini cha mkanganyiko. Tunaposema "picha ya zamani" huwa tunavichanganya vitu vinne tofauti. Cha kwanza ni bamba la kioo, au filamu, lililopokea mwanga ndani ya kamera. Mafundi hukiita negativu, na hicho ndicho kitu pekee kati ya vinne ambacho kilikuwapo mahali pale siku ile. Cha pili ni karatasi iliyosafishwa kutokana na negativu hiyo studioni. Cha tatu ni nakala zilizochapwa kwa mashine, hasa postikadi na kurasa za vitabu. Cha nne ni maelezo, yaani maneno yaliyoandikwa chini, nyuma, au siku hizi juu ya picha hiyo kwenye simu. Kila kimoja kati ya vitu hivi kina tarehe yake, na mara nyingi mwandishi wake pia si yule yule.

Mfano wa karibu ni mhuri wa mpira wa ofisini. Mhuri huchongwa mara moja, lakini unaweza kugongwa leo, mwakani, au baada ya miaka 30, na wino wa karatasi ya mwisho utakuwa mbichi hata kama mhuri wenyewe ni mkongwe. Negativu nayo iko hivyo. Mwenye studio aliyekuwa na bamba zuri la bandari hakuwa na sababu ya kulitupa kwa kuwa tu limekaa miaka kumi. Msafiri aliyeshuka melini kwa saa chache alitaka ukumbusho, wala hakuuliza kama ule mlingoti unaoonekana bado upo. Kwa hiyo kadi iliyopita posta mwaka 1908 haithibitishi kwamba picha yake ni ya 1908. Inathibitisha jambo moja tu, kwamba picha hiyo haikupigwa baada ya mwaka huo.

Postikadi zenyewe zina alama nyingine yenye msaada. Kadi za mwanzo zilitenga upande mzima wa nyuma kwa ajili ya anwani peke yake, na aliyetaka kuandika salamu alijibana kwenye nafasi nyeupe iliyobaki pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu upande wa nyuma ugawanywe kwa mstari mwaka 1902, na Ujerumani ikafuata mwaka 1905; kwa kuwa kadi nyingi za pwani yetu zilichapwa Ulaya, kadi isiyo na mstari huo kwa kawaida ni ya miaka hiyo au kabla yake. Sura ya Sultani kwenye stempu nayo husaidia kidogo. Hamoud bin Mohammed alitawala kuanzia 1896 hadi 1902, Ali bin Hamoud akaendelea hadi 1911, kisha akaja Khalifa bin Harub aliyekaa kwenye kiti hadi 1960, muda mrefu kiasi kwamba kuona sura yake kwenye stempu hakumfikishi mtafiti mbali.

Waliosimama nyuma ya kamera

Kamera ilifika Unguja mapema. James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha mjini mwaka 1860, na picha hizo ni miongoni mwa za kale zaidi zinazojulikana za mji huo. Alipoingia bara aliiweka kamera kando akageukia kuchora kwa mkono, jambo linaloeleweka kwa anayejua kazi ilivyokuwa. Bamba la kioo lilipakwa dawa gizani, likawekwa kwenye kamera likiwa bado bichi, na likasafishwa kabla halijakauka. Mpiga picha alilazimika kutembea na hema lake la giza, chupa zake na maji safi. Ukifikiria joto la Unguja na dawa inayokauka upesi, unaona mara moja kwa nini picha za muongo huo ni chache na kwa nini nyingi zilipigwa karibu na nyumba za mabalozi wadogo wa nchi za nje, ambako kulikuwa na chumba, mtumishi na maji. John Kirk, daktari aliyewahi kusafiri na David Livingstone na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza mjini, alikuwa mmoja wa waliopiga picha katika mazingira hayo.

Baadaye kazi ikahamia mikononi mwa wenye studio, na hapa jamii ya Wagoa ndiyo iliyotangulia. Majina ya A. C. Gomes, Pereira de Lord na Coutinho yamo nyuma ya sehemu kubwa sana ya picha tunazozisambaza leo bila kuwataja. Walipiga picha za familia zilizovaa mavazi yao bora, picha za maofisa, na mandhari ya mji ya kuuzwa kwa wageni. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na kwa miongo iliyofuata studio hiyo ndiyo iliyoyaona maisha ya mji kwa karibu zaidi. Ni vyema kukumbuka, hata hivyo, kwamba jina la studio lililochapwa kwenye kadi linatuambia nani aliiuza picha, si lazima nani aliipiga. Kununua na kurithi mabamba ya mwenzako kulikuwa jambo la kawaida katika biashara hiyo.

Majengo kama kalenda

Njia ya uhakika zaidi ya kukadiria umri wa picha ya mji wa bandari ni kutazama kilichosimama na ambacho bado hakijasimama. Mji wa Unguja una bahati katika jambo hili, kwa sababu ukingo wake wa bahari ulibadilika mara kadhaa katika muda mfupi, na mabadiliko hayo yana tarehe.

Ngome Kongwe haitusaidii, maana ilikuwapo zamani kabla ya kamera kubuniwa. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Picha ya ukingo wa bahari iliyopigwa kutoka melini bila jengo hilo, mahali ambapo lingepaswa kuonekana, ni ya kabla ya hapo. Jengo la Tharia Topan, lenye veranda za mbao zilizonakshiwa, lilianza kujengwa mwaka 1887 na likamalizika 1894. Kanisa la Mkunazini lilianza mwaka 1873, lakini kanisa jingine, la Minara Miwili, ni la miaka ya 1890. Ukitazama majini, manowari kuukuu ya Uingereza iliyoitwa London ilitia nanga bandarini kuanzia 1874 hadi 1883 ikiwa kituo cha mashua zilizokuwa zikiyasaka majahazi ya watumwa. Picha yenye meli hiyo kubwa ya mbao, iliyotulia kama nyumba, haiwezi kutoka nje ya miaka hiyo.

Kilicho kitamu zaidi, kwa maoni yangu, ni mnara wa Beit al-Ajaib. Wengi hudhani kwamba mnara wa saa uliokuwa katikati ya uso wa jengo, ule ulioanguka mwaka 2020, ulikuwapo tangu jengo lilipojengwa. Haukuwapo. Zamani za Barghash palikuwa na mnara mwingine, uliosimama peke yake mbele ya majumba upande wa bahari, ukiwa na taa ambazo mabaharia wa Kiingereza walizifanyia mzaha kwa kuuita mti wa Krismasi wa Sultani. Mnara huo uliharibiwa tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Uingereza zilipoyapiga majumba kwa mizinga.

Kisa chenyewe kinajulikana. Sultani Hamed bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila ridhaa ya Waingereza, akapewa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27, na muda ulipokwisha mizinga ikaanza. Mapigano hayakufika saa nzima. Takriban watu 500 wa upande wa ikulu waliuawa au kujeruhiwa, Khalid akakimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kwenye kiti. Kwa anayesoma picha, siku hiyo ni kama mstari uliokatwa kwa kisu. Kabla yake kulikuwa na majumba matatu yaliyopakana, yaani Beit al-Ajaib, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, yaliyounganishwa kwa vipito vya juu ili wanawake wa ikulu wapite bila kuonekana barabarani. Baada yake Beit al-Hukm haikuonekana tena, na mahali pake pakabaki pengo. Mnara wa zamani ukaondolewa, na jengo lilipokarabatiwa mwaka 1897 mnara mpya wa saa ukaunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib.

Sasa tazama bandarini. Katika mapigano hayo meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa, lakini maji ya pale si marefu, hivyo milingoti yake mitatu ilibaki imechomoza juu ya bahari, mbele kabisa ya mji, kwa miaka mingi. Iliondolewa mwaka 1912. Ukiwa na tarehe hizi tatu mkononi, picha moja inaanza kuzungumza kwa ufasaha. Milingoti ikiwa imechomoza kutoka majini na uso wa Beit al-Ajaib ukiwa bado hauna mnara, picha hiyo ilipigwa kati ya Agosti 1896 na kazi za ukarabati za 1897, yaani ndani ya muda mfupi sana. Milingoti ikiwapo pamoja na mnara wa saa, basi ni kati ya 1897 na 1912. Mnara ukiwapo na maji yakiwa matupu, ni ya baada ya 1912. Na ukiona mnara umesimama peke yake ufukweni, mbali na jengo, uko kabla ya Agosti 1896, hata kama maelezo yanasema 1905.

Kwa njia hiyo hiyo tunaweza kuzirekebisha picha nyingi zinazosambazwa kwa jina la "vita vifupi kuliko vyote duniani". Zinazoonyesha kuta zilizobomoka, boriti zilizoning'inia na mabaharia wa Kiingereza waliojipanga kando ya mzinga waliouteka si picha za vita bali za baada ya vita. Wamesimama wametulia kwa sababu mapigano yalikwisha kumalizika, na kwa sababu mpiga picha aliwaomba watulie.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Kukosekana kwa jengo katika picha hakuna maana ikiwa kamera haikuelekea upande wake, au ikiwa picha imekatwa pembeni. Vilevile, bamba la kioo linaweza kusafishwa likiwa limegeuzwa, na mji mzima ukatokea kama kwenye kioo cha kujitazamia. Anayetazama kutoka baharini anapaswa kuanza kushoto na jengo la Tharia Topan, kisha Beit al-Sahel, kisha Beit al-Ajaib, na Ngome Kongwe kulia kwake. Ukiiona ngome kushoto kwa Beit al-Ajaib, usikimbilie kusema kwamba kulikuwa na ngome nyingine. Picha imegeuka.

Forodhani penyewe pamebadilika kuliko vijana wengi wanavyofikiri. Bustani tunayoijua ni ya miaka ya 1930, iliyoandaliwa kwa ajili ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa. Kabla yake pale palikuwa mahali pa forodha hasa, penye mabanda, mizigo na wachukuzi, mpaka shughuli za meli zilipohamia kwenye bandari mpya ya Malindi, mtaa wa mji huo huo, iliyojengwa katika miaka ya 1920. Picha yenye watu waliokaa chini ya miti wakipunga upepo mbele ya Beit al-Ajaib, kwa hiyo, haiwezi kuwa ya enzi za Barghash.

Reli nayo huwachanganya wengi, kwa sababu zilikuwa mbili. Barghash alijenga njia fupi ya reli ya kwenda jumba lake la Chukwani karibu na mwaka 1880, kwa matumizi yake. Reli ya Bububu, ile ya garimoshi dogo linaloonekana kwenye postikadi likipenya kati ya maduka kwenye njia nyembamba hivi kwamba mwenye duka angeweza kuligusa, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani na ikaanza kuchukua abiria mwaka 1905. Huduma ya abiria ilikoma mwaka 1922, kisha reli ikatumika kubeba mawe ya kujengea bandari. Picha ya garimoshi hilo yenye maelezo "Zanzibar, 1880" imechanganya reli hizo mbili.

Kwa nini mji unaonekana mtupu, na watu weusi kupita kiasi

Kuna hadithi iliyozoeleka kwamba mji wa zamani ulikuwa na watu wachache sana, kwa kuwa picha za miaka ya 1860 na 1870 zinaonyesha barabara tupu. Sababu halisi ni dawa. Bamba la wakati huo lilihitaji kupokea mwanga kwa sekunde kadhaa, na kilichotembea kwa muda huo hakikuacha alama, au kiliacha ukungu tu. Ukuta hubaki, mlango hubaki, mzee aliyeketi barazani hubaki. Mchukuzi aliyepita na gunia la karafuu anatoweka. Mabamba makavu yalipoenea katika miaka ya 1880 muda huo ulipungua, na ghafla mji "ukajaa" watu. Hakuna aliyehamia, kamera ndiyo iliyoanza kuwawahi.

Jambo la pili linahusu rangi, nalo halizungumzwi vya kutosha. Mabamba ya mwanzo yaliona mwanga wa buluu vizuri lakini hayakuuona mwekundu. Ndiyo maana anga katika picha hizo ni nyeupe tupu kama karatasi, hata siku ya mawingu mazuri, na ndiyo maana bendera nyekundu ya Sultani inaonekana nyeusi. Kitambaa cha buluu huweza kutokea karibu cheupe, na leso yenye wekundu mkali ikatokea nyeusi. Ngozi ya binadamu, hasa ya maji ya kunde, hurudisha mwanga mwingi wa upande wa wekundu, kwa hiyo bamba liliipunguzia nuru. Na mtu huyo akiwa amevaa kanzu nyeupe juani, mpiga picha aliyepima mwanga kwa ajili ya kanzu aliupoteza uso. Kuna wanaotazama nyuso hizo na kuanza kugawanya watu kwa makabila na asili kwa kufuata weusi wao katika picha. Huo ni usomaji wa dawa, si wa watu.

Picha zinazoitwa za watumwa

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa upotoshaji unaumiza pande zote. Utumwa Unguja ulikuwapo, ulikuwa mkubwa, na mashamba ya karafuu yaliutegemea. Kurekebisha maelezo ya picha hakupunguzi ukweli huo hata kidogo. Lakini tarehe zake ni hizi. Soko la wazi la watumwa lilifungwa mwezi Juni 1873, kwa mkataba ambao Barghash aliutia saini baada ya kubanwa na Uingereza kupitia Kirk. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na masuria wakaingizwa katika sheria hiyo mwaka 1909. Ukiyalinganisha na hali ya kamera wakati ule, utaelewa kwamba soko lilifungwa katika zama za mabamba mabichi, wakati umati unaotembea ulikuwa ukitoka kama ukungu. Picha iliyo wazi, yenye umati mkubwa sokoni na sura za kila mtu, ikidaiwa kuwa ya mnada wa watumwa Unguja, inapaswa kutiliwa shaka kabla ya kusambazwa.

Je, watu wa kwenye minyororo ni akina nani? Mara nyingi ni wafungwa wa magereza ya kikoloni. Kufunga wafungwa kwa mnyororo mmoja shingoni na kuwapeleka kufanya kazi za barabara ilikuwa desturi ya serikali, na upande wa bara, chini ya Wajerumani, wapiga picha waliwapiga na kadi zikauzwa. Maelezo ya asili ya Kijerumani husema wazi kwamba ni wafungwa. Kadi ikishatafsiriwa vibaya au kukatwa maneno yake, mfungwa wa Dar es Salaam wa mwanzoni mwa karne ya 20 hugeuka mtumwa wa Unguja wa karne ya 19, na serikali iliyomfunga inatoka katika picha bila kuulizwa lolote.

Ipo pia picha mashuhuri ya mwaka 1868 ya watu waliodhoofu wakiwa kwenye sitaha ya meli. Ni picha ya kweli. Lakini sitaha hiyo ni ya manowari ya Uingereza, Daphne, na watu hao walikuwa wameondolewa kwenye jahazi lililokamatwa. Hawakuwa wakipelekwa sokoni kama inavyoandikwa mara kwa mara. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu inaeleza pia kwa nini picha ilipigwa: jeshi la majini lilitaka ushahidi wa kazi yake, na aliyeishika kamera alikuwa na hoja ya kuijenga.

Kamera haikuvuka maji

Ukikusanya picha elfu moja za Unguja wa zamani na kuzitandaza mezani, utadhani mji wote ulikuwa wa mawe. Upande wa mashariki wa Mji Mkongwe kulikuwa na ghuba ya maji iliyoutenga na Ng'ambo, ambayo ilifukiwa kwa awamu na leo ndiyo barabara kuu inayopita Darajani. Ng'ambo kulikuwa na nyumba za udongo na makuti, na watu wengi wa kawaida, wakiwamo waliotoka utumwani na vizazi vyao, waliishi huko. Kamera ya biashara haikuwa na hamu nako, kwa kuwa mnunuzi wa kadi alitaka milango ya nakshi, minara na Sultani akitoka kwa gari la farasi. Picha za Ng'ambo zikipatikana, mara nyingi zilipigwa kutoka mbali, juu ya paa la upande wa mawe, na mapaa ya makuti yakawa mandhari ya nyuma tu. Zile za barabarani kabisa, zenye majina ya watu na ya mitaa, zinaongezeka baadaye, na nyingi ya nyumba zinazoonekana humo zilikuja kupisha ujenzi wa maghorofa ya Michenzani baada ya Mapinduzi ya 1964.

Picha za studioni nazo zina upungufu wa aina yake. Bibi aliyesimama mbele ya pazia lililochorwa nguzo na maua, akiwa na mapambo ya kila aina, huenda alivaa vyake na huenda alivalishwa vya studio. Chini ya kadi ataandikwa tu "mwanamke wa Kiswahili", bila jina, na kadi nyingine yenye sura ile ile ikamwita wa kabila jingine. Kwa anayechunguza mavazi picha hizo ni hazina, mradi asizichukue kama ushahidi wa kile kilichovaliwa siku ya kawaida jikoni au sokoni.

Rangi mpya kwenye picha kuukuu

Postikadi za rangi za mwanzoni mwa karne ya 20 hazikupigwa kwa rangi. Fundi aliyekuwa kiwandani Ulaya, ambaye hajapata kuiona Unguja, alipewa picha isiyo na rangi na pengine kipande cha maelekezo, akaipaka bahari buluu, mitende kijani na kanzu za watu rangi alizozipenda. Siku hizi programu za akili mnemba hufanya kazi ile ile kwa sekunde chache na kwa ustadi unaodanganya zaidi. Programu hukisia kutokana na mamilioni ya picha nyingine. Haijui kwamba bendera ile nyeusi juu ya Beit al-Ajaib ilikuwa nyekundu, wala kwamba leso fulani ilikuwa na wekundu uliofichwa na dawa ya bamba. Nyingine huenda mbali zaidi na kunoa nyuso zilizofifia, yaani kumtengenezea mtu pua na macho ambayo bamba halikuyahifadhi. Mjukuu anayefurahi kumwona babu yake "vizuri" anaweza kuwa anamtazama mtu ambaye hajawahi kuishi. Anayetaka kuisambaza picha ya namna hiyo afadhali aiambatanishe na ile isiyoguswa.

Picha halisi nyingi zinaweza kuonekana na yeyote. Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani zina hazina ya picha za mji, na Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kimeweka mtandaoni mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, nyingi zikiwa na maelezo yake ya asili. Kabla ya kuamini maelezo ya kwenye simu, ni vyema kuitafuta picha yenyewe huko na kusoma kilichoandikwa tangu mwanzo, ukikumbuka kwamba hata hicho kiliandikwa na mtu mwenye mtazamo wake.

Zilizo muhimu kuliko zote, hata hivyo, bado zimo kwenye masanduku na albamu za nyumbani. Ukiipiga picha hiyo kwa simu ili uitunze, piga na upande wa nyuma pia, kwa kuwa mhuri wa studio, stempu na mwandiko wa mtumaji viko huko. Usiichane kutoka kwenye albamu iliyogundishwa, wala usiikate kingo ili ienee kwenye fremu. Andika majina ya waliomo kwa penseli laini nyuma ya picha, maana wino huvuja hadi mbele, na uandike pia jina lako na siku uliyoandika, ili atakayeisoma baadaye ajue kwamba maelezo hayo ni yako na si ya siku picha ilipopigwa. Ikiwa bibi anawakumbuka watu watatu kati ya watano, andika watatu, na uache nafasi ya wawili ikiwa wazi.